Sensa Iliyokwama Miaka Ishirini na Miwili

Saa mbili asubuhi, mwanamke mwenye ovaroli ya buluu ameinamia injini ya gari kuukuu la kijani, sikio karibu na chuma, mkono kwenye spana. Havuti. Anabembeleza.

"Toka, mama. Toka taratibu, hakuna anayekufukuza," anaiambia sensa ya joto, kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, kilichong'ang'ania kwenye kichwa cha injini.

Ndiyo maana wanamwita Mama Taratibu. Ana miaka thelathini na sita, na karakana yake ya mabati inaingia mwaka wa tisa. Mafundi wenzake wakishindwa kutoa kitu kilichokwama, wanamletea yeye. Wanamletea kimya kimya, maana wanaume wazima wanaona haya.

Mwenye gari, mkunga wa makamo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, roho juu. Gari hili ndilo linalomfikisha kwa wajawazito, na tangu alinunue, mshale wa joto kwenye dashibodi haujainuka hata siku moja.

"Kila nikipanda mlima nasimama, naipapasa boneti kama mtoto mwenye homa," anasema. "Mafundi watatu wamekataa kuigusa hiyo sensa. Wanasema itakatikia ndani, halafu injini ifunguliwe yote. Sasa mimi nikikaa mwezi bila gari, wale kina mama niwaambie wasubiri?"

Mama Taratibu ameiacha injini ipate uvuguvugu, akaizima, akapunguza maji ya rejeta, akapulizia dawa ya kutu. Sasa anakaza kidogo, ndipo analegeza kidogo. Anapulizia tena.

"Wenye pupa wanaanza kwa kulegeza," anasema. "Mimi naanza kwa kukaza. Kutu ikipasuka nasikia 'tik'. Nisiposikia, mkono wangu hauendi popote."

Utaratibu huo haukuja hivi hivi. Ulitokana na aibu, na aibu yenyewe imekaa pale mlangoni kwenye kiti cha plastiki, inakunywa chai.

Ni baba yake mzazi, mzee wa miaka sabini na moja. Mtaa mzima unamwita Mpishi. Wageni hudhani alifanya kazi hotelini. Wapi! Alikuwa fundi magari, tena wa kutajika, hadi siku muuza saruji mmoja alipoleta gari lake kwa sababu sensa ya joto ilikuwa inavuja. Mzee akalitengeneza. Siku ya pili muuza saruji akapanda mlima na familia yake, mshale umelala kwenye baridi, kumbe ndani maji yamekauka. Injini ikaungua.

Muuza saruji alikuja kusimama mbele ya wateja wote. "Huyu si fundi! Huyu ni mpishi, ameipika injini yangu!"

Watu walicheka, jina likaganda. Ndani ya miezi mitatu hapakuwa na mteja hata wa kujaza upepo. Mzee akaenda kulinda ghala, miaka kumi na saba, familia ya watu sita kwenye chumba kimoja. Na kwa kuwa njia ya mkato ya kwenda kituo cha basi inapita kwenye lango la kijani la muuza saruji, familia nzima ilizoea kuzunguka. Njia ya mkato ni dakika tano. Wao hutembea nusu saa, mpaka leo.

"Baba alizembea," anasema Mama Taratibu, kwa sauti ambayo mzee anaisikia vizuri. "Nasema mbele yake, sijifichi. Nimeshamsamehe. Lakini niliapa hakuna gari litakalotoka mikononi mwangu kabla sijauona mshale ukipanda kwa macho yangu mawili."

Mzee anapuliza chai yake.

Saa nne kasoro, injini inasema 'tik'. Mkunga anainuka. Mama Taratibu anashusha pumzi, anazungusha robo, anarudisha, anazungusha nusu. Sensa inatoka nzima, haijakatika hata jino. Mkunga anapiga makofi.

Fundi anaifuta kwa kitambaa, huku akimweleza mkunga kwamba sensa hizi za zamani zina waya mmoja tu. Njia ya pili ya umeme ni meno yake yenyewe, yakigusana na chuma cha injini. "Ukiyafunika haya, mshale unalala usingizi wa pono, hata injini iwe inawaka mo..."

Anakatisha. Macho yamemtoka.

Kwenye meno ya sensa kuna utepe mweupe wa mabomba ya maji, mizunguko zaidi ya kumi, umepakwa gundi juu yake. Na chini ya gundi, ukiwa umefifia lakini bado mwekundu, kuna uzi wa kushonea, umefungwa fundo la kushonea vifungo vya shati.

"Ala!" Anageukia mlangoni. "Baba. Baba, hili fundo ni langu."

Alikuwa na miaka kumi na minne, likizoni. Baba ameitwa hospitali kumwona mama, sensa ya muuza saruji inadondosha maji tone tone, na binti akataka kumfurahisha. Akazungusha utepe mpaka ukanenepa, akaufunga kwa uzi wa somo la ushonaji usimponyoke, akamalizia na gundi. Baba aliporudi alikuta pakavu. Akamwambia mkono wake una dawa.

Anakimbilia kwenye bawaba ya boneti, anakwangua rangi ya kijani kwa ukucha. Chini yake ni nyeupe. Gari la muuza saruji, lililouzwa baada ya injini kuungua, lilikuwa jeupe. Anakaa chini, kwenye oili.

Mkunga yuko mdomo wazi. Hata mwandishi wa makala haya alisahau kuandika.

"Ulijua?" anamuuliza baba yake.

"Nilijua siku ile ile injini ilipoungua," anasema mzee. "Nilichomoa waya nikaugusisha kwenye chuma, mshale ukaruka. Nikatazama chini ya sensa, nikaona utepe."

"Na ukanyamaza! Miaka yote hii nakusema vibaya mbele ya watu, baba, unanyamaza!"

"Ningesema nini? Kwamba ni mtoto? Nani alitakiwa kukagua kabla ya kumkabidhi mtu gari, mtoto au mimi?" Anaweka kikombe chini. "Usingeshika spana tena, mwanangu. Nakujua."

Mama Taratibu analia bila kujificha, ovaroli imelowa oili, hata sensa mpya inabidi aifunge mzee mwenyewe. Anaifunga bila utepe, na washa ya shaba tu, kile kijipete cha kuzuia maji yasivuje. Wanajaza maji, mkunga anawasha. Baada ya dakika chache mshale unajikongoja, unapanda, unasimama katikati. Mkunga anapiga vigelegele peke yake.

Mipango ya Mama Taratibu ilikuwa jeki kubwa na kibao kipya cha karakana. Ukimuuliza leo, vyote hivyo vinasubiri. Sensa ya zamani ameiviringisha kwenye kitambaa safi, ameitia mfuko wa kifuani. Muuza saruji bado yu hai, bado anakaa kwenye lango lile.

"Jumamosi nampelekea mkononi," anasema. "Alisema mbele ya watu, na mimi nitasema mbele ya watu. Wajue nani aliipika."

"Atatufukuza," anasema mzee.

"Atufukuze. Tutaendelea mbele mpaka kituoni, kwa njia ile ile."

Mzee anaitazama barabara.

"Kwani kupitia pale ni mwendo gani?" anauliza. "Nimesahau."

"Dakika tano, baba."