Ufa Chini ya Kitambaa cha Kijani

Shule niliacha darasa la tatu, lakini jiwe nalijua kuliko wenye digrii. Nilichonga sanamu za mawe kule Tabaka miaka mingi kabla ya kujenga ukumbi wangu wa snuka hapa Kebirigo. Meza ya kiwandani niliikataa. Nilijenga yangu, na chini ya kitambaa nikalaza bamba la jiwe letu la Tabaka. Kisha nikaalika wachezaji wanane wa kulipwa, pamoja na bingwa mwenyewe kutoka Nairobi.

Ijumaa jioni, nikikaza miguu ya meza, nilisikia tak! Nikafunua kitambaa. Ufa, urefu wa mkono, unaelekea shimo la kona. Jua linatua, Sabato inaingia, Jumapili wageni wako hapa. Nikafanya vile mchongaji yeyote hufanya sanamu yake ya kiboko ikivunjika sikio: unga wa jiwe, gundi, msasa wa maji, basi. Mnunuzi haoni kitu. Sikufikiria kwamba sanamu hukaa tu kwenye rafu. Meza huegemewa.

Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Baba watoto, hilo ni kaburi umelivika nguo."

"Nyamaza, mama. Twende nyumbani."

Jumamosi kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naona mpira ukipinda njiani na watu wakisema, yule mzee aliita watu wa maana akawatega. Huku kwetu ukiitwa tapeli mara moja, hata wajukuu wako wanaitwa hivyo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kila mchezaji akiegemea ile kona, nilisogea karibu. Nilikataa chai. Nilikataa hata kukaa.

Fainali ikabaki mpira mmoja, ule mweusi. Bingwa akiuingiza, ameshinda. Akikosa, mwenzake yuko tayari. Na njia ya mpira huo ilipita juu ya ufa wangu. Akainama, akalenga. Halafu akasimama wima, akapitisha kiganja polepole juu ya kitambaa kama mkunga anayepapasa tumbo. Akanitafuta kwa macho.

"Mzee, hapa kuna nini?"

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Omogaka, mzee wetu, jibu! Ama umezika hirizi?"

Wakacheka. Ningesema ni kitambaa tu, na nani angebisha? Lakini yule bingwa hakuondoa mkono.

"Ni ufa," nikasema. "Niliuziba mwenyewe Ijumaa."

Kicheko kikakatika.

"Niliuhisi tangu asubuhi," akasema. "Nilitaka kujua kama utaniambia."

Akazunguka meza, akaupiga ule mweusi kwa mpira mweupe, ukagonga ukingo, ukarudi, ukaingia shimo la upande wa pili. Ukumbi ukalipuka. Watu wakamkimbilia kumpa mkono, wengine wakaegemea meza kwa viwiko ili wamfikie.

"Msiegemee!" nikapaza sauti. "Jamani, msiegemee meza!"

Tak.

Safari hii kila mtu alisikia.