Mkaratusi na Shoka la Tatu

Kuuondoa mkaratusi uliokuwa nyuma ya nyumba yangu kulinigharimu shilingi arobaini na saba na senti hamsini, jogoo mmoja na siku sita. Thelathini na mbili za fundi, nne na nusu za kamba, tano za mkokoteni, sita za bati jipya. Jumlisha mwenyewe. Mimi nimejumlisha mara mbili, na mara zote mbili nimeumia.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Nilikuwa na nyumba ya vyumba vitano pale Majengo, Nyeri, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Kimoja changu, vinne vya wapangaji. Mti aliupanda yeye, akasema utatupa kivuli. Kivuli, Nyeri, mahali ambapo mwezi wa saba watu huhamisha vigoda kufuata kipande cha jua. Alikufa kabla hajakaa chini yake hata mara moja, na mti ukaendelea kurefuka bila kulipa kodi.

Kisha askari wakajenga mnara wa mbao upande wa pili wa barabara ili wachungulie bonde la mto walikopitia wapiganaji wa msituni. Mti wangu ukawa katikati ya macho yao na bonde. Ikaja barua: siku saba niuondoe, la sivyo ofisi itauondoa yenyewe na gharama ni juu yangu. Nilikuwa nimeshaona jinsi ofisi inavyoondoa miti. Wa jirani yangu waliupiga shoka chini kabisa kama mtu anayekata bua la mahindi, ukalala juu ya jiko lake. Walipomletea hesabu ya kazi, mti ulikuwa bado juu ya jiko.

Nikatafuta fundi. Niliyempata alikuwa mzee wa Kikuyu, mpasuaji mbao, aliyefanya kazi msituni maisha yake yote mpaka msitu ukapigwa marufuku. Sasa alikuwa akishuka mjini kupunguza matawi na kuangusha miti kwenye nyumba za watu. Akataka shilingi sitini. Nikampa ishirini. Akacheka, nikacheka, tukaanza upya. Tulipofika thelathini na mbili alisema kuni ni zake, nikasema kuni ni zangu na chakula cha mchana ni changu pia, yaani nitampa. Hapo akakubali, na mimi nikarudi ndani nikijiona mjanja. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anakula sahani mbili.

Siku ya kwanza hakukata hata jani. Aliuzunguka mti, akaugonga kwa kisigino cha shoka akitega sikio, akaenda mpaka barabarani akautazama kwa mbali, akarudi akakaa. Nilimwuliza kama malipo yetu ni ya kutazama. Akanijibu kwa upole kwamba uzito wote uko upande wa paa langu, na kwamba ndani ya shina, kimo cha mtu kutoka chini, mna uozo. Mti huo hauwezi kuangushwa mzima. Utashushwa vipande vipande kutoka juu.

Basi siku ya pili akapanda, miguu mitupu, kamba moja kiunoni na shinani. Na hapo, niseme haki, nilinyamaza. Kila tawi alilianza kwa mkato mfupi upande wa chini, ndipo akalikata kutoka juu, ili lisiondoke na gamba la shina zima. Kabla ya hapo alikuwa amelifunga kamba iliyopita kwenye panda ya juu, na mwisho wa kamba ile ulishikwa na mimi na mpangaji wangu wa chumba cha tatu, dobi. Alipiga mluzi, tukalegeza, tawi likashuka kama mgonjwa anayeshushwa kitandani. Yakashuka hivyo manane. La tisa dobi alikuwa anasalimiana na mtu. Likapita na kona ya bati, likamaliza safari juu ya jogoo wangu. Tulimla jioni ileile, na dobi alikuwa na uso wa kuomba paja.

Msumeno wake ulikuwa wa watu wawili. Mwenzake wa miaka mingi alikuwa amechukuliwa kwenye msako na haijulikani yuko kambi gani ya kizuizini, kwa hiyo kwa vigogo vilivyoshuka chini, upande wa pili wa msumeno niliuvuta mimi, leso kiunoni. Nilidai nipunguziwe bei. Alinifundisha badala yake nisisukume, nivute tu.

Sasa nieleze jambo la vifaa, maana ndilo lililonizeesha. Wakati ule shoka halikulala nyumbani kwa mtu. Vifaa vyote vya makali vya fundi vililala stoo ya kituo cha askari chini ya mnara. Asubuhi vilitolewa kwa hesabu, vikaandikwa kitabuni, nami mwenye kazi nikaweka sahihi. Saa kumi jioni vilirudishwa kwa hesabu. Na katikati, kitabu cha pasi cha fundi kilibaki kituoni kama rehani. Vifaa visipotimia, pasi haitoki. Na bila pasi asingeweza kwenda popote, kwa sababu alikuwa akiishi katika kile kijiji kipya chenye handaki, mwendo wa saa nzima kwa miguu, ambacho lango lake lilifungwa saa kumi na mbili. Mtu wa kabila lake akikutwa barabarani bila pasi baada ya hapo, aliyemkuta hakuwa na haja ya kuuliza maswali.

Siku tatu tulitoa msumeno mmoja na mashoka mawili, tukarudisha msumeno mmoja na mashoka mawili. Siku ya nne, askari wa asubuhi alipoliondoa shoka la pili ukutani, kichwa kikachomoka kikaanguka sakafuni. Mpini ulikuwa umekauka kule stoo chini ya mabati. Fundi akasema si kitu, atautia kabari na kuuloweka. Askari akanyoosha kidole akihesabu, nami nikahesabu naye kimoyomoyo, kama kawaida yangu: msumeno, shoka, shoka. Tatu. Askari naye akasema tatu. Nikahesabu tena, tatu. Nikaweka sahihi.

Kumbe askari alikuwa amekwisha kuandika msumeno kwenye mstari wa juu. Alichokuwa akihesabu ni vile vya sakafuni: shoka zima, kichwa cha shoka, mpini wa shoka. Kitabuni akaandika mashoka matatu, akamaliza zamu yake, akaenda zake.

Jioni tulimkuta koplo ambaye asubuhi hakuwapo. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi ya nchi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, na huyo ndiye mtu wa kuogopa. Akapokea msumeno, akapokea mashoka mawili, akangoja. Tukangoja. Akauliza la tatu liko wapi.

Nilimweleza. Nilimweleza polepole, kisha haraka, kisha nikaanza na mikono. Alisikiliza yote, halafu akageuza kitabu ili nione sahihi yangu.

"Mama, kitabu inasema tatu. Hii si yako?"

Nikamwambia sahihi ni yangu ila tatu si yangu. Nikamwomba afungue ukurasa wa jana: mashoka mawili. Wa juzi: mawili. Akafungua, akasoma, akakubali kwamba jana yalikuwa mawili.

"Basi leo mliongeza ingine," akasema.

"Tuliongeza kutoka wapi, afande? Si yote yanalala kwako?"

"Hiyo ndiyo mimi nauliza nyinyi."

Niliona jinsi mtu anavyoweza kupigwa kiharusi akiwa amesimama. Nikataka aitwe yule askari wa asubuhi. Ameenda Naro Moru na lori, atarudi kesho. Nikataka mkubwa wake. Mkubwa yuko Nanyuki. Wakati wote huo fundi alikuwa anatazama jua, na mimi nilijua anahesabu nini, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nakihesabu. Saa kumi na nusu ilikwisha kupita. Ikifika kumi na moja bila pasi mkononi, lango la kijiji hatalikuta wazi, na shoka lisilokuwapo litakuwa limefichwa kwa watu wa msituni, na yeye ndiye atakuwa amelipeleka. Huo haukuwa uzushi wangu. Watu walikuwa wamekwenda kambini kwa panga moja la kukatia nyasi.

Ndipo nikaacha kubishana. Biashara imenifunza kwamba kuna mnunuzi anayetaka kitu na kuna mnunuzi anayetaka risiti. Huyu koplo hakuwa na haja ya shoka. Alikuwa na haja ya tatu.

Nikamwuliza: kama asubuhi vilitoka vipande vitatu, jioni vikirudi vipande vitatu, yeye atakuwa na neno? Akasema vikiwa tatu, yeye yuko sawa.

"Basi litoe kichwa," nikamwambia fundi.

Fundi akanitazama kwa huruma. Mchana, baada ya kulitia kabari, alikuwa amelitumbukiza shoka katika ndoo yangu ya maji, tena kwa saa nzima ya chakula, sahani zote mbili, ili mpini ufure ushike. Ulikuwa umeshika. Alitaka kuligonga, lakini koplo akamzuia: shoka limekwisha kupokelewa, na kilichopokelewa hakiguswi na raia mpaka kesho asubuhi. Akiligusa yule, itabidi aandike limetoka, na likitoka yatabaki mapungufu mawili badala ya moja. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetusaidia.

Basi akaligonga yeye mwenyewe. Aligonga kwa jiwe, aligonga kwenye nguzo ya mnara mpaka askari wa juu akachungulia. Kichwa hakikusogea hata unywele. Ilikuwa imebaki kama robo saa.

Nikasema mpini ukatwe. Ukatwe pale shingoni kwa shoka zima, kichwa kibaki upande huu na mpini upande ule.

Hapo ndipo fundi alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza jioni ile. Akasema hapana. Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema mpini ule ni wa mutamaiyu, mti mgumu wa msituni, aliuchonga mwenyewe kabla msitu haujafungwa, ukakaa juu ya moshi wa jiko la mkewe miaka miwili kabla hajauingiza katika chuma, na kwamba umekaa mkononi mwake hivi mpaka akilala anaukunjia vidole. Mti wa namna hiyo hauuzwi mjini. Na kule unakopatikana, mtu akiingia leo anapigwa risasi.

Nikamwambia mzee wangu, kule kambini hakuna miti ya kukata, huo mpini utaushikia nini? Nikamwambia na mkeo atamwuliza nani habari zako? Sikuwa mpole. Nilikuwa nimechoka, mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya msumeno ambao sikuwa na sababu ya kuuvuta, na juu ya chumba changu cha kulala bado lilining'inia tawi moja nene kuliko mimi. Nilimwambia koplo akate.

Fundi akageuka akatazama barabara.

Koplo hakuwa mkataji. Alipiga mara saba, nilihesabu, na mapigo manne yakaingia ardhini. La mwisho mpini ukaachana na kichwa kwa sauti kavu, ukarukia miguuni mwangu. Akaviokota, akavipanga sakafuni kwa mstari: shoka, kichwa, mpini. Akanyoosha kidole, moja, mbili, tatu. Akanitazama, nami nikahesabu naye, moja, mbili, tatu. Akahesabu tena peke yake. Kisha akaandika, akapuliza wino, akafungua droo, akampa mzee pasi yake kwa mikono miwili, kama mwalimu anayetoa zawadi ya mwisho wa mwaka.

Tulitoka nje. Nadhani zilikuwa zimebaki dakika tano. Nilimwambia aende, akimbie, habari nyingine tutaongea kesho. Nilikuwa nangojea, sitaficha, kuambiwa asante. Nilikuwa nimemtoa mtu mdomoni mwa kambi bila kutoa hata senti, na siku kama hizo si nyingi.

Aliifunga pasi katika kitambaa, akaitia ndani ya shati, akaibonyeza kwa kiganja kuhakikisha ipo. Alikwenda hatua kama kumi. Kisha akasimama, akarudi zote kumi, jua lile likiwa linashuka, na mimi nampungia mkono aende.

"Mama," akasema, "pasi nimepata, asante. Sasa mpini yangu utanilipa na nini?"