Shemeji Fanuel na Kipaza Sauti Kilichopotea

Watu wa Ndhiwa wanamjua Fanuel Maranga kwa sauti. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na kwa miaka mingi hakuna aliyezikwa vizuri upande wetu bila yeye kushika kipaza sauti. Alijua kumkatiza mwanasiasa bila kumtukana, na kuwaketisha wakwe waliogombana pande mbili za hema. Hata marehemu wachoyo aliwasifu: alisema walikuwa watu waangalifu.

Kisha akatokea kijana Byron, mwenye spika zinazowaka taa na miwani ya jua ambayo haivui hata mvua ikinyesha. Familia moja ikamwita, nyingine zikafuata. Fanuel akajilaza na kugeukia ukuta. Alitangaza kwamba amekwisha, na kwamba siku ya mazishi yake Byron asikaribie hata jikoni.

Mkewe, Rispa, alinyamaza tu. Mimi ndiye niliyehangaika. Nilikuwa nimesoma kuhusu sonona, ile huzuni ambayo ni ugonjwa kamili, nikaogopa ugonjwa na nikaogopa zaidi midomo ya watu. Boma letu limetoa walimu, mimi nikiwa mmoja wao, na shemasi. Sikutaka lijulikane kwa wagonjwa wa akili. Kwa hiyo tuliikwepa hospitali ya Ndhiwa, tukaenda kliniki moja Oyugis, ambako niliamini hatujulikani. Rispa alikuja kubeba chupa ya chai. Mapokezi nilisema mgonjwa anaumwa tumbo.

Hatujakaa vizuri kwenye benchi, mama mmoja akamkazia Fanuel macho. "Si wewe ulituongozea mazishi ya mjomba kule Rangwe?"

Mgonjwa akainua kichwa. Mwingine naye akamkumbuka, akataka asimuliwe habari za jogoo aliyepanda juu ya jeneza. Fanuel alisimulia akiwa amesimama, akamwigiza na huyo jogoo. Mwanamume mwenye bandeji mguuni aliomba anyamaze kidogo, maana kicheko kilikuwa kinamuumiza.

Daktari Mellen alimuuliza kama analala. Rispa akajibu kwamba anakoroma. Kuhusu chakula nilijibu mimi, kwamba siku hizi hali vizuri kama zamani.

"Asubuhi nimekula viazi vitamu vya watu wawili," Fanuel alikiri, "lakini kwa uchungu."

"Mzee, ni kitu gani kingekufurahisha leo?"

Hakufikiri. "Umeme ukatike Byron akiwa katikati ya hotuba." Akacheka mpaka akafuta machozi.

Daktari alitueleza kwamba mzee ameumia, na ana haki ya kuumia, lakini furaha bado inamfikia. Mwenye sonona, alisema, huzimika hata kwa yale aliyoyapenda, wiki baada ya wiki. Usingizi humtoroka au humlemea, chakula hakimvutii, anajiona hana maana. Pengine sababu ipo, pengine haipo. Na wengi wao hawalalamiki.

Fanuel aliacha kucheka. Alimtazama mkewe, aliyesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Mwalimu," aliniambia polepole, "Rispa aliacha kuimba kabla Byron hajaja."

Ilikuwa kweli. Aliacha kwaya, akaacha na shamba lake la njugu, na sote tulikuwa tunamsikiliza Fanuel.

"Nilidhani ni uvivu," alisema Rispa. "Nachoka hata kuamka."

Daktari alizungumza naye faraghani kwa muda mrefu. Alipotoka alituambia kwamba ugonjwa huo unatibika, ila Rispa atahitaji kuonwa mara kwa mara, hivyo ni afadhali iwe karibu na nyumbani. Fanuel na Rispa wakanitazama mimi. Karibu na nyumbani ni Ndhiwa.

Siku ya kwanza nilivaa kofia yangu ya kanisani. Langoni mwa hospitali tulimkuta muuza ndizi, ambaye habari zake hufika kanisani kabla ya mchungaji. Aliuliza nani anaumwa. Ule uongo wa tumbo ulikuwa tayari mdomoni mwangu.

"Ni mimi," Rispa alisema. "Natibiwa sonona."

Nikamshika mkono. "Na tunachelewa," nikamwambia muuza ndizi, tukapita lango kubwa.

Nyuma yetu Fanuel alinung'unika hadi dirisha la mapokezi: tangazo zito kama lile, halafu hakuna aliyemwachia yeye alitoe.