Siku Ng'ombe wa Mama Mkwe Alipokwenda Kanisani

Jamani, hadi leo nikifika mlango wa lile kanisa la Machame nainamisha uso, lakini acheni niwasimulie mwenyewe kabla wifi yangu hajawahadithia na kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi cherehani Moshi mjini, na kazi yangu ilikuwa haijui Jumapili. Ndoa ilikuwa na miezi mitatu mimi na mume wangu Elia tulipopanda Machame kwa mama mkwe, na shida yangu ilikuwa moja tu: nilisikia majirani wanasema Elia kaoa dada wa mjini asiyejua hata kushika jembe (mimi, mtoto wa Chekereni, niliyepandikiza mpunga tangu nina meno ya utoto!). Nikaapa lazima huyu mama anikubali.

Jumamosi mama mkwe alinishangaza. Alileta mizigo miwili ya majani ya ng'ombe badala ya mmoja, akachanja kuni, akajaza maji kila ndoo.

"Kesho tunapumzika, mwanangu," akasema. "Kesho ni ya Mungu."

Mimi moyoni nikasema, kumbe nafasi yangu ndiyo hiyo.

Asubuhi nikamdanganya kichwa kinaniuma. Maskini, akanipikia chai, akanifunika blanketi, akaenda ibadani na Elia. Hawajafika hata barabarani, mimi nimeshavaa gambuti zake, kanga kiunoni, beleshi mkononi, nizoe samadi yote ili akirudi akute banda linang'aa. Na ili nisafishe vizuri (hapa ndipo nilipojiponza) nikamfungua Pendo, ng'ombe ambaye siku zote analishwa bandani. Kugeuka kuchukua ufagio, Pendo huyoo, kakata migombani, kashika njia ya kanisani!

Nikamkimbiza, gambuti zinanivuka, nazirudisha, zinanivuka tena. Pendo akafika mlangoni pa kanisa, akakuta sadaka za mazao zimepangwa zikisubiri mnada wa baada ya ibada, akavamia mkungu wa ndizi. Nikapiga ukelele, "Pendo, toka hapo!" Madirisha yote yalikuwa wazi. Na ndani, mchungaji ndiyo kwanza anasema, "Tumwombee na mke wa Elia, ameachwa kitandani, hajiwezi."

Kanisa zima likageuka. Mgonjwa mwenyewe nimesimama mlangoni na beleshi, samadi hadi magotini! Kwaya ilicheka kwa sauti zote nne.

Mama mkwe akatoka taratibu. Nikajua leo narudishwa kwetu. Akamshika Pendo kamba, akanitazama.

"Hata ng'ombe amejua leo ni Jumapili," akasema. Kisha akashusha sauti. "Nani alikwambia natafuta mfanyakazi, mwanangu? Nilitaka mtu wa kukaa naye."

Machozi yalinitoka hapo hapo, na sikujua ni ya aibu au ya kupendwa.

Mchana ule tulikaa wawili kibarazani, na chai ya maziwa. Mama yule, mwenye sugu mikononi kunishinda mara kumi, alikaa ametulia kabisa, anaongea na Mungu wake kidogo, anaongea na mimi kidogo, na mlima ukatoka mawinguni akautazama kama hajawahi kuuona. Nilimstahi sana. Mimi sikukumbuka lini mara ya mwisho nilikaa bila kitu mkononi.

Siku hizi Jumamosi jioni nafunika cherehani. Na Jumapili, hata kichwa kikiniuma kwelikweli, nakwenda nacho kanisani.