Kilo Moja ya Umidite

Bado nina hasira. Watu wa mtaa wetu wanasema ni samaki tu, niache, mashindano mengine yatakuja. Sitaki kuacha. Kilo moja waliyonikata pale kando ya ziwa la Nzilo najua ilianzia wapi, na hapo ndipo panaponiuma kuliko kukatwa kwenyewe.

Nianze na bwato, chombo cha kuvulia. Baba yangu, tata, alizaliwa hapa Kolwezi na wazazi walioletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Naye alifanya kazi mgodini, kisha miaka kadhaa alikuwa karani kwenye depo, zile nyumba za kando ya barabara ambako wanunuzi hununua mawe ya wachimbaji wadogo. Tangu aache, anavua. Bwato lake lilikuwa la mbao, limeoza upande wa mbele. Kila mara alilileta uani, akaligeuza, akalipaka lami aliyoibandua barabarani na kuiyeyusha ndani ya kopo. Mvua zilizopita liliingia maji katikati ya ziwa. Alirudi nyumbani amelowa hadi kifuani, meno yanagongana, wavu hana, samaki hana, akaniambia alikuwa anaoga. Anaoga na viatu.

Nilimkataza asiingie tena. Akasema lami ikikauka, Jumatatu anaingia. Tata akishasema hivyo, heri ubishane na mlango. Nililala nikimwona ndani ya maji.

Kumbe Jumamosi ya wiki hiyo hiyo kamati ya mtaa ilikuwa na mashindano ya kuvua. Kila mtu ndoana moja, wavu marufuku, tangu jua linapochomoza hadi linapofika utosini. Atakayeleta samaki mzito kuliko wote anapewa bwato jipya la bati nene, lililochomelewa na mafundi wa hapa hapa na kupakwa rangi ya bluu. Nilikwenda kulitazama mapema. Niliingia ndani, nikakaa, nikaipiga sakafu yake ngumi mbili tatu. Nikasema hili ni la tata, wapende wasipende.

Ndoana si ngeni kwangu, tata alinifundisha kabla sijajua kusonga bukari, ugali wetu. Siku ile nilikuja na matumbo ya kuku kwenye mfuko, nikajichagulia mahali penye matete. Kulia kwangu alikaa fundi wa baiskeli, mtu mpole, hajawahi kuvua maishani mwake. Alikuwa anahangaika na kamba yake mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Nikamfungia ndoana mimi, kwa mikono yangu hii. Hata kahawa ya asubuhi ilikuwa haijanishuka vizuri, akavuta kambale mkubwa, akakaa chini kwa mshtuko. Kupima kulipangwa kuwa mwishoni, basi akamlaza samaki wake juu ya gunia, juani, watu wakawa wanapita kumshangaa.

Mimi nilivuta vidagaa asubuhi nzima. Jua lilikuwa limebakiza kidogo sana kufika juu kamba yangu ilipokaza. Sikuivuta kwa pupa. Nilimwachia, nikamrudisha, nikamwachia tena, mpaka viganja vikachubuka. Alipotoka kwenye matete niliona kichwa chake tu nikajua nimeshinda. Nilimtia kwenye gunia, nikalimwagia maji ya ziwa afike mzima, nikakimbia nalo mgongoni, maji yananichuruzika hadi visiginoni.

Mpimaji alikuwa mwanaume wa makamo ambaye siku za kazi hupima mawe kwenye depo. Kamati ilikuwa imemwazima yeye pamoja na mizani yake. Samaki wa fundi alitundikwa kwanza: kilo sita na nusu. Kisha wangu. Mpimaji akatazama, akasema, "Saba." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshageuka kulitazama bwato langu.

Halafu akampapasa samaki kwa kiganja, akaangalia matone yanayoanguka chini, akasema kwa sauti ya mtu aliye kazini, "Tutoshe umidite, kilo moya. Inabakia sita." Akatoa kilo moja, akaandika sita kwa chaki.

Yeyote aliyewahi kubeba mawe hapa anaijua umidite. Gunia likiwa na unyevu, mnunuzi anatoa kilo kadhaa, kwa sababu eti yeye hanunui maji. Wakati wa mvua anatoa nyingi. Wakati wa kiangazi anatoa vilevile. Marehemu mume wangu alichimba miaka na miaka, na kila akirudi na pesa kidogo alisema wamemkata umidite. Mimi nilimjibu kwamba anazinywea pombe njiani.

"Tata, hii ni samaki," nikamwambia mpimaji, nikimwita hivyo kwa heshima. "Inaishi mu mayi. Ulitaka ikuye kavu?"

"Mama, angalia chini. Mayi inatoka."

"Na ile ya fundi?"

"Ile iko kavu. Imelala ku jua tangu asubuyi."

"Nani alikufundisha kupima vile?"

"Muzee moya wa pa depo. Alitwambiaka, ukiona mayi, usiulize, tosha."

Huyo sikumchukia sana, mkono wake ulikuwa umezoea. Walionichoma ni wale waliosimama. Zaidi ya nusu yao wamebeba magunia, wamekatwa maisha yao yote. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta hata mtu wa kucheka. Hakucheka mtu. Mmoja, mchimbaji mwenye vidole vilivyokakamaa, akaniambia kwa upole, "Mama, umidite banatosha kila siku. Sasa utafanya nini?" Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia mwenyekiti wa kamati ampime samaki upya, akajibu kwamba imeshaandikwa. Chaki, jamani. Fundi wa baiskeli hakuweza kunitazama machoni, lakini bwato alilichukua. Nililiona likiondoka juu ya mkokoteni, na yeye akilishikilia kwa nyuma lisianguke.

Nilirudi nyumbani na samaki wangu, nikamkuta tata amekaa kando ya bwato lake, anakoroga lami. Nilimsimulia yote nikizunguka uani, siwezi kukaa. Nilitegemea aulize habari za bwato jipya. Hakuuliza.

"Alitosha ngapi?" akasema.

"Kilo moya."

"Ku saba?"

"Ku saba."

Akatikisa kichwa. "Ni mingi. Mi nilimwambiaka ku kilo kumi njo utoshe moya."

Nilisimama. Miaka yote nilijua tata alikuwa karani. Nilimwona kichwani na kalamu na daftari, anaandika majina. Nikamuuliza yeye ndiye muzee wa depo? Akasema ndiyo, mizani ilikuwa yake. Patron, mwenye depo, alitaka vile, akasema, na alipoacha kazi, patron alimpa zawadi, ndilo bwato hili.

"Na bwana yangu?" nikamuuliza. "Magunia yake, ulipima weye?"

Alirudi kukoroga lami.

"Alikuwa analeta mawe ya mubichi," akasema.

Shoka lilikuwa ukutani karibu na makaa. Nilianza na ule upande wa mbele uliooza. Ulikubali mara moja. Mbao za nyuma zilinipa taabu, lakini nilikuwa na nguvu siku ile ambazo sijazipata tena. Tata hakuinuka. Aliniuliza tu, nilipopumua, "Sasa Jumatatu nitaingia na nini?"

"Hautaingia."

Mbao zenye lami zinawaka haraka. Nilimpika samaki kwa moto huo, na moshi mweusi ukaingia hadi ndani ya bukari. Nilimwandalia tata meza kama siku zote, kwa sababu ni baba yangu na sikulelewa vibaya. Nikamwekea kichwa na mnofu mnono wa mgongoni. Kisha mbele yake nikachukua kisu, nikamegua kipande cha mnofu ule, nikakiweka kwenye kisahani pembeni.

"Ile ni ya nani?" akauliza.

"Ni umidite, tata."

Alikitazama kisahani, akanawa mikono, akainuka bila kugusa chakula. Mimi nilikaa pale pale nikala sehemu yangu yote. Samaki alinuka lami hadi kwenye mifupa.