Nimefunga nyuzi za gitaa bovu nilivyokumbuka mimi, mwanangu akasema kichwa kimeanza kuchoka

Wakuu, marahaba. Nimeitikia kabisa maana najua mtasema shikamoo, na kisa chenyewe ni kirefu.

Mimi ni bibi wa huku ziwani Mwanza. Shule niliishia kujua jina langu na hesabu za dagaa. Hapa naongea tu, simu inaandika, mkiona neno limekaa vibaya gombaneni na simu. Ila ni kweli tupu, Mzee wangu mwenyewe kakaa hapa pembeni anacheka.

Iko hivi. Mzee alikwenda Ukerewe kwa ndugu zake. Mimi nikapita Mirongo kwenye mitumba, nikaona gitaa. Nyuzi hakuna, tumbo limepasuka, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi kimebanduka upande.

Muuzaji akaniuliza, "Bibi, unatafuta kuni?"

Nikamwambia natafuta saplaizi ya mume wangu. Mzee ujanani alikuwa mpigaji. Gitaa lake alilibadilisha na nyavu mwaka tuliooana, hata watoto hawajawahi kumuona nalo.

Basi nikaanza ufundi. Ule ufa nikauziba kama tunavyoziba mtumbwi, pamba na mafuta. Hapo nilijiona fundi kweli.

Kumbe gundi ya mbao haitaki mafuta. Kila nikipaka inateleza. Nikakwangua yote, nikapiga msasa, nikapaka upya, nikalizungushia mpira wa baiskeli mpaka likafanana na mgonjwa wa mbavu. Likashika.

Shida ikaja kwenye nyuzi mpya nilizonunua.

Uzi mnene unakaa upande gani? Video zote kwenye simu wanauweka upande mmoja. Mimi kichwani namuona Mzee kwenye benchi la mlangoni, hapa hapa kwa wazazi wake, kichwa cha gitaa kimeelekea ziwani, uzi mnene uko juu karibu na kidevu.

Nikakaa benchi lile lile. Nikilishika kama kwenye video, kichwa cha gitaa kinaelekea chooni.

Sasa wakuu, mwanaume anayekutongoza anaelekeza gitaa chooni?

Nikafunga nilivyokumbuka. Hata kile kimfupa cha shingoni chenye vijifereji kikanikatalia, uzi mnene hauingii, nikachonga na kitupa mpaka ukaingia.

Mwalimu wa kwaya akapita, nikamuonyesha. Akacheka kwanza. "Bibi, umefunga kinyume. Uzi mnene unakaa juu."

"Juu kwa nani?"

Akalichukua gitaa. Halafu akanionyesha, ona, hata vijifereji vilikuwa vinakukataa, ukalazimisha.

Bahati mbaya Neema, binti yangu wa Usagara, alikuwepo. Wiki ile nilikuwa nimetia chumvi mara mbili kwenye mboga. Akaniangalia lile jicho la kumuangalia mgonjwa. "Mama, nilisema. Umeanza kusahau. Mhamie kwangu."

Usagara ni kuzuri, sikatai. Lakini ziwa halipo.

Nikamwambia tumsubiri baba yako. Akisema nimefunga kinyume, begi nafunga mwenyewe.

Wakuu, hizo siku nilichanganyikiwa. Nakaa benchini nageuza gitaa huku, nageuza kule. Nikaanza kujiuliza, kama hili nalo nalikumbuka vibaya, basi na yale mengine ya ujana wangu ni kweli au nimejitungia? Nilikuwa naogopa, msione nacheka.

Mzee akarudi na meli. Neema akaja makusudi. Nikampa gitaa bila kumwambia nimelifungaje.

Akaliangalia, akalipapasa lile kovu la tumboni. Akakaa benchini. Akaligeuza, kichwa kikaenda ziwani. Akakazakaza nyuzi, akapiga kwa mkono wa kushoto.

Neema akashika mdomo. "Baba, kumbe unatumia mashoto?"

Maana mzee huyu anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, nyavu anashona kwa kulia. Hata mimi sikuwahi kufikiria.

Akasema, "Huu mkono nilichapiwa kwenye ugali, nikachapiwa na shule. Kwenye gitaa hakukuwa na mtu ananiangalia."

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa nakuangalia."

Neema amerudi Usagara na begi lake peke yake. Chumvi kaonja mwenyewe kabla hajaondoka, kasema iko sawa.

Nilichojifunza: watu wote wakikwambia umekosea, kakae kwanza pale ulipokuwa umekaa.

Sasa mafundi nisaidieni. Ule uzi mwembamba unacheza kwenye kijifereji kipana, unalia kama mbu. Nijaze nini? Msiniambie pamba.

Na kama kuna mwingine hapa alichapwa akaacha kushoto, aseme ni kitu gani bado anakifanya kwa mkono ule. Mzee anataka kusikia, nitamsomea.