Miaka Kumi na Miwili Niliyomhesabia Mama Shukuru

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli isiyo na breki na samansi tatu, yaani hati za kumwita mtu mahakamani, nizifikishe Kitahana kabla ya jua kutua. Nina darasa la nne tu. Nilizifikisha zote, na mmoja aliyejificha darini kwenye mahindi nilimshusha kwa maneno matupu. Tarishi kama mimi Kibondo haikuwa imempata. Sijivuni, waulizeni waliokuwepo.

Sheria nilijifunzia mlangoni, nimesimama. Hakimu wangu wa kwanza, mzee asiyegusa chai kabla ya hukumu, aliwaambia waliogombania mashamba: "Ukinyamaza miaka kumi na miwili mwenzako analima, usije kunisumbua. Muda umekula haki yako." Huo ndio ukomo wa madai. Niliyashika maneno yale kama sala. Nilipokuja kuwa katibu wa baraza la kata upande wa Kasulu, kata nisiyoitaja, niliyatumia kila Alhamisi. Watu wakaniita Wakili. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aligeuka tu: "Wakili, hesabu." Nami nahesabu.

Alhamisi moja Mama Shukuru, mkulima wa maharage, alingoja watu wote watoke, tukabaki na mwenyekiti.

"Mwakeye, Wakili."

"Mwakeye, mama. Shamba liko wapi?"

"Sikuja kwa shamba. Nilipokuwa na miaka tisa, baba mdogo aliyenilea aliniharibu. Si mara moja. Sasa kaletewa mtoto mwingine wa kulea."

"Una miaka mingapi leo?"

"Thelathini."

Nikakunja vidole. Ishirini na mmoja. "Mama, umechelewa. Kumi na miwili ilishapita zamani. Kesi hii imekufa."

Akanitazama. "Kwa hiyo mimi ni shamba?"

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na mwenyekiti akacheka.

Miaka mitano baadaye tuliitwa semina Kasulu mjini. Mwendesha mashtaka, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akasema kosa la kumbaka mtoto halina ukomo. Hata ipite miaka arobaini, polisi watafungua jalada. Nikanyoosha mkono nimsahihishe.

"Binti, umesahau ile miaka kumi na miwili."

"Hiyo ni ya ardhi, mzee wangu. Mtoto si ardhi."

Ukumbi ukacheka. Mimi nilibaki nimesimama, nasikia sauti ileile: kwa hiyo mimi ni shamba? Miaka mitano! Na yule mtoto wa kulelewa? Chakula cha semina sikukionja.

Nilimkuta Mama Shukuru anapalilia. Nikamweleza. Jembe halikusimama.

"Mtoto yule?" nikauliza.

"Nilimchukua siku ileile. Yuko shuleni. Ulidhani ningekungoja wewe?"

Nikainama kukusanya magugu aliyoyakata.

"Kesho naenda polisi," akasema. "Na wewe utakuja kueleza kwamba nilikuja kwako, na ulichonijibu."

"Mbele ya hakimu?"

"Mimi nitasema yangu mbele ya hakimu. Wewe una aibu gani ya kunizidi?"

Wiki ile niliandika barua ya kuacha ukatibu. Baadaye samansi ikanifikia nyumbani. Matarishi wa siku hizi wanapanda pikipiki. Maisha yangu yote nimezipeleka kwa wengine, sikuwahi kupokea hata moja. Nikaisaini.

Ninyi mnaoshika kazi hizi, na vyeti mnavyo kunizidi: akija mtu na jambo la namna hii, usimhesabie miaka. Mpeleke polisi, uende naye.

Mahakamani sikusimama mlangoni tena. Nilisimama kizimbani pa mashahidi, baba mdogo yule mzee kaketi upande wa pili na fimbo yake.

"Shahidi, ulimjibu nini?"

"Nilimhesabia kama shamba, mheshimiwa. Akaniuliza kama yeye ni shamba. Nikacheka."

Hakimu aliandika polepole, neno kwa neno. Mama Shukuru hakunitazama. Alikuwa anaitazama ile kalamu.